Mawazo yakikunyima usingizi: mwongozo wa wiki tatu kwa anayelala chumba kimoja na familia

Kila wiki napokea maswali yale yale. Mama anaingia na mtoto mgongoni, na kabla hatujamaliza kusalimiana anasema: "Nipe kidonge cha usingizi." Kijana wa motari anauliza kama kichwa chake kimeanza kuharibika, maana huu ni usiku wa nne anahesabu misumari ya mabati. Mzee ananivuta pembeni na kunong'ona: je, si mtu amenitupia kitu? Mimi ni APS (msaidizi wa kisaikolojia na kijamii) hapa Goma, mashariki mwa Kongo, kazi yangu ni kusindikiza watu wenye mizigo ya moyo na akili, na majibu ninayowapa watu hawa watatu yanakaribiana sana. Nimeyaandika hapa uyafuate hatua kwa hatua.

Niseme mapema: kukosa usingizi kwa sababu ya mawazo si wazimu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika maeneo yaliyopitia vita, mtu mmoja kati ya watano anaishi na tatizo fulani la afya ya akili. Kwenye mtaa wako hauko peke yako, hata kama kila mlango umefungwa na kila mmoja anajifanya amelala.

Kuna miongozo mingi ya usingizi inayosema "hamia chumba kingine", "zima taa za nyumba", "nunua godoro zuri". Nikiisoma naona aliyeiandika hajawahi kulala watu sita kwenye nyumba ya mbao ya chumba kimoja na sebule, Ndosho au Majengo. Huu nimejaribu kuupima kwa nyumba zetu.

Kwanza, angalia kama mwongozo huu ni wako

Usiufuate peke yako, nenda kwanza kituo cha afya, kama:

- unawaza kujiua au kujidhuru, au umeshapanga namna;
- unasikia sauti ambazo wengine hawazisikii;
- umekaa siku tatu karibu bila kulala na bado una nguvu nyingi, unaongea haraka, unapanga mambo makubwa yasiyo na kiasi;
- una kifafa;
- umejifungua karibuni na hulali hata mtoto anapolala;
- unakoroma sana, na watu wa nyumbani wanasema pumzi inakatika usiku.

Na kama umefanyiwa ukatili wa kingono na saa 72 hazijapita, acha kusoma. Nenda sasa hivi kwenye kituo cha afya au hospitali. Zipo dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi, na zinapaswa kuanzwa ndani ya saa hizo. Usingizi tutaushughulikia baadaye.

Vitu vya kuandaa

1. Daftari dogo la mtoto wa shule na kalamu. Kama hujui kuandika, mtoto mkubwa au rafiki anaweza kukuandikia. Wengine wanachora alama tu, na inatosha.
2. Kigoda au kiti cha plastiki. Hiki ndicho "chumba chako cha pili", utaona kwa nini.
3. Simu yenye kengele ya kuamsha.
4. Taa ndogo ya jua au tochi yenye mwanga hafifu. Tunajua umeme wetu.
5. Mtu mmoja anayejua unachofanya: mume, mke, kaka au dada yako mkubwa, jirani. Usipomwambia mtu, usiku wa tatu wataanza kukuuliza kwa nini umekaa gizani kama mchawi.
6. Wiki tatu. Ukijaribu siku mbili ukaacha, utasema haifai.

Nadharia kidogo tu

Mwili wako unajifunza. Tangu mlima wetu wa moto, Nyiragongo, ulipolipuka jioni ya tarehe 22 mwezi wa 5 mwaka 2021 bila kututangazia, na siku tano baadaye tukaambiwa tuhame, watu wengi walikimbia kwa miguu hadi Sake, Minova na Rwanda. Tuliporudi, nafahamu waliolala na viatu miguuni kwa miezi. Mwili ulijifunza kwamba usiku ni wa kulinda. Kisha ikaja mizinga ya mwezi wa 1 mwaka 2025, ukajifunza tena. Ni mlinzi mwema, lakini hajui zamu yake imeisha.

Jambo la pili: ukikaa kitandani saa nyingi ukiwaza deni, kitanda chenyewe kinakuwa mahali pa kuwazia deni. Unasinzia vizuri kwenye kiti, ukilala tu kitandani macho yanafunguka. Watu hudhani ni ushirikina. Hapana, ni mazoea, na mazoea yanavunjwa kwa mazoea mengine.

Hatua ya 1. Andika usiku saba bila kubadilisha chochote

Kila asubuhi, andika mistari minne: ulilala kitandani saa ngapi, unadhani usingizi ulikuja saa ngapi, uliamka mara ngapi, uliinuka saa ngapi. Usiangalie saa usiku ili kuandika. Kisia tu asubuhi.

Kosa la kawaida ni kuruka hatua hii kwa sababu inaonekana haina dawa ndani yake. Lakini nimeona mara nyingi mtu aliyesema "silali hata dakika" akakuta kwenye daftari lake kwamba analala saa tano, zimekatwakatwa. Kujua hilo kunapunguza hofu, na hofu ya kukosa usingizi ni nusu ya ugonjwa wenyewe.

Hatua ya 2. Funga saa ya kuamka

Chagua saa moja tu, kwa mfano saa kumi na moja na nusu alfajiri, na uamke hapo kila siku: Jumapili, siku ya mvua, hata baada ya usiku mbaya. Kisha toka nje upate mwanga. Hapa kwetu jua linachomoza karibu saa kumi na mbili mwaka mzima, ni msaada wa bure. Kuchota maji au kufagia uani kunatosha.

Usifidie usiku mbaya kwa kulala mchana. Ukizidiwa kabisa, dakika ishirini kabla ya saa tisa alasiri, basi. Motari ambaye macho yanafumba barabarani asimamishe pikipiki apumzike. Usalama unatangulia mwongozo wowote.

Hatua ya 3. Yape mawazo saa yao

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu hapa ndipo watu wengi wanapopona.

Mawazo yakifukuzwa hayaondoki, yanangoja uzime taa. Kwa hiyo tunayakaribisha mchana, kwa saa maalum, kama mgeni anayepewa kiti na kuambiwa ataondoka saa ngapi. Chagua dakika 20 hadi 30 kila siku, jioni lakini si karibu na kulala. Saa kumi na moja jioni inawafaa wengi. Kaa kwenye kigoda chako, kamwe si kitandani. Fungua daftari, gawa ukurasa kwa mstari wa kusimama.

Upande wa kushoto: mambo ambayo mkono wangu unaweza kuyagusa. Kulia: mambo ambayo mkono wangu hauyafikii.

Chukua mfano wa mama anayeuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, mfano niliouunganisha kutoka kwa akina mama wengi. Usiku yote yanamjia kama rundo moja: "Maisha yamenishinda." Mchana, kwenye daftari, rundo linagawanyika. Kushoto anaandika: Ijumaa ni siku ya kutoa likelemba (mchango wa kikundi cha kupeana pesa kwa zamu), na sina pesa. Minervali (ada ya shule) ya mtoto wa pili. Kulia anaandika: vita. Mlima. Kaka yangu aliyebaki upande wa Masisi, simu yake haipatikani.

Sasa upande wa kushoto. Chagua jambo moja, moja tu. Andika njia zote unazoweza kufikiria, hata za kijinga, bila kuzihukumu. Kwa likelemba: kumwomba mama mkubwa wa kikundi nibadilishane zamu, kutoa nusu, kuuza kitenge kile kipya, kumkopa shemeji, kukimbia nisionekane. Zikishaandikwa ndipo unapima. Kukimbia kutanipotezea kikundi. Shemeji tayari tuna maneno naye. Kubadilishana zamu hakuna gharama, ila aibu kidogo. Chagua moja, kisha andika tendo dogo la kwanza pamoja na saa yake: "Kesho saa moja asubuhi, kabla ya kwenda soko la Virunga, napita kwa mama mkubwa." Ukiandika tu "nitafute pesa", bado hujaandika kitu. Tendo lazima liwe la ukubwa wa kufanyika kesho.

Upande wa kulia ni mgumu, na sitakudanganya kwamba kuna ujanja wa kuumaliza. Lakini jiulize kwa kila mstari: je, kuna kipande kidogo kinachoweza kuvuka upande wa kushoto? Mlima siuzuii, ila naweza kuandaa mfuko wenye kadi, diplome za watoto na dawa, na kukubaliana na familia tutakutana wapi. Naweza pia kuamua kwamba habari za mlima nazipokea kutoka kwa watu wa OVG, kituo cha Goma kinachochunguza volkano, na rangi zao za tahadhari, si kutoka kwa sauti iliyotumwa na mtu nisiyemjua. Kaka sijui aliko, ila Msalaba Mwekundu hupokea majina ya ndugu waliopotezana, na kanisani kuna watu wanaofika kutoka huko. Hicho kipande kivushe.

Kinachobaki kulia, kisome mara moja kwa sauti ndogo, kisha ufunge daftari. Anayesali, asali hapo. Asiyesali anaweza kusema: "Nimekuona. Kesho saa kumi na moja tutaonana tena." Usicheke neno hili kabla hujalijaribu. Usiku wazo likija, unalijibu hivyo hivyo, na akili inakubali kwa sababu inajua kweli saa yake ipo.

Onyo: watu wengi wanafanya siku ile waliyolemewa tu. Fanya kila siku, hata siku njema, hata kama dakika kumi zinatosha. Na dakika 30 zikiisha, inuka, nenda ukawashe mbabula. Ukizidisha, hujawaza tena, unajichimba.

Hatua ya 4. Rudishia kitanda kazi yake

Kanuni hii si yangu. Mwanasaikolojia wa Marekani Richard Bootzin aliieleza mwaka 1972, na bado ni kati ya njia zinazoaminika zaidi: kitanda ni cha kulala na cha wanandoa, basi. Si cha kula, kusikiliza redio, kugombana wala kuhesabu madeni.

1. Panda kitandani pale tu macho yanapokuwa mazito, si kwa sababu ni giza.
2. Usingizi usipokuja kwa muda unaohisi ni kama dakika ishirini, toka kitandani. Usiangalie saa.
3. Kaa kwenye kigoda. Jifunike kitenge, usiku wa Goma una baridi. Tuko karibu mita 1,500 juu ya bahari.
4. Fanya kitu cha polepole kwenye mwanga hafifu: chambua maharage, kunja nguo za watoto, shona kifungo, sali taratibu.
5. Macho yakirudi kuwa mazito, rudi kitandani.
6. Usingizi ukikataa tena, toka tena. Siku za kwanza unaweza kutoka mara nne, tano.

Nyumba ni ya chumba kimoja? Weka kigoda upande wa miguu ya kitanda, ukiangalia ukuta mwingine. Unalala kwenye mkeka na watoto? Keti tu, egemea ukuta, weka kitenge mabegani: kitenge kikiwa mabegani, uko "nje ya kitanda", kikitoka, uko kitandani. Nimeona wanawake katika kambi za waliohama wakifanya hivyo ndani ya hema ambalo huwezi hata kusimama wima. Mwili unaelewa alama.

Usitoke nje ya nyumba usiku kwa ajili ya zoezi hili. Usalama kwanza, na pia mazuku: kwenye mabonde ya Bulengo na Lac Vert ile hewa mbaya hujaa chini hasa usiku na alfajiri, na inaua.

Hatua ya 5. Punguza saa za kulala kitandani

Hatua hii inawashangaza wote: "Silali, na wewe unasema nilale kidogo?" Ndiyo. Tazama daftari lako la wiki ya kwanza. Kwetu umeme ukikatika na njia zikiwa si salama, watu wanalala saa mbili usiku. Wakiinuka saa kumi na mbili asubuhi, wamekaa kitandani saa kumi. Kama katika hizo unalala saa tano na nusu, zinabaki saa nne na nusu za kujigeuza. Huko ndiko mawazo yanakojenga nyumba.

Basi chukua saa unazolala kweli, ongeza nusu saa, lakini usishuke kamwe chini ya saa sita. Kwa mfano huu ni saa sita: unapanda kitandani saa tano na nusu usiku, unaamka saa kumi na moja na nusu alfajiri. Usiku tano hivi ukilala karibu muda wote huo, ongeza dakika 15. Endelea hivyo polepole mpaka mchana ujisikie mzima.

Kati ya saa mbili na saa tano na nusu ufanye nini gizani? Swali zuri, na ndilo linalowashinda wengi. Panga kabla: hadithi za watoto, kusukana, kuchambua mboga za kesho, kupiga pasi kama makaa bado yapo. Mama mmoja alianza kumfundisha binti yake kufuma saa hizo, na sasa wanauza vitambaa.

Waendesha motari, mafundi wa juu ya nyumba na wenye mashine: hatua hii itawapa usingizi wa mchana wiki ya kwanza. Irukeni, fuateni nyingine. Vivyo hivyo mjamzito, mwenye kifafa, na aliyewahi kupata vipindi vya msisimko mkubwa wa akili.

Hatua ya 6. Mfundishe mlinzi kupumzika

Vuta pumzi kwa pua ukihesabu nne, itoe taratibu ukihesabu sita. Dakika tano, mara mbili kwa siku, mchana. Ndiyo, mchana. Ukisubiri usiku moyo unapodunda ndipo ujifunze, ni kama kujifunza kuogelea mtumbwi umeshapinduka katikati ya ziwa.

Kuna watu ambao kufumba macho na kusikiliza pumzi kunawarudishia mabaya waliyoyaona. Kama ni wewe, acha. Badala yake kanyaga chini kwa miguu yote miwili, sikia ugumu wa jiwe au baridi ya sakafu, taja kimoyomoyo vitu vitano unavyoviona, vinne unavyovigusa, vitatu unavyovisikia. Unamwonyesha mlinzi wako kwamba leo ni leo, na uko hapa.

Hatua ya 7. Simu, kahawa, pombe

Kwa kifupi. Sauti za WhatsApp zinazoanza na "tuma kwa wote" usizifungue baada ya saa moja jioni; chagua mtu mmoja nyumbani ambaye kazi yake ni kusikiliza habari na kuwaamsha kama kweli kuna hatari. Familia nyingi hupeana zamu, na wengine wanalala. Kahawa na vinywaji vya kuongeza nguvu mwisho saa sita mchana: ukishainywa, hata muda wa saa tano hivi ukipita, nusu ya nguvu ya kahawa bado imo mwilini. Primus au kasiksi inakulaza haraka, ndiyo, halafu inakuamsha saa tisa usiku ukiwa na kiu na huzuni. Sijaona aliyepona usingizi kwa chupa.

Hatua ya 8. Kila siku, tendo moja la zamani

Mawazo yakizidi, mtu anaacha kwaya, anaacha kusalimia, anaacha mpira wa Jumapili. Anasema atarudi akijisikia vizuri. Inakwenda kinyume: ukirudi, ndipo unaanza kujisikia. Chagua tendo moja ulilolipenda, lipunguze hadi liwe dogo sana, lipangie siku. Si "nirudi kwaya", bali "Alhamisi nikae mazoezini nusu saa, hata bila kuimba." Mchana uliojaa kidogo hukupa usiku ulio mwepesi.

Ikikwama

*Naamka kila siku saa tisa usiku.* Usishike simu kutazama saa. Igeuze uso chini. Fuata hatua ya 4. Kama unakunywa jioni, anzia hapo. Kama ni kukojoa mara nyingi na kiu, pima sukari.

*Naota ndoto ile ile mbaya.* Mchana, kwenye kigoda, iandike au isimulie, kisha ubadilishe mwisho wake upendavyo: mlango unafunguka, kaka anafika, wewe unapita. Pitia toleo jipya kichwani dakika kumi kila siku kwa wiki mbili. Ndoto nyingi hupungua makali. Ikiwa kuisimulia kunakutetemesha, usiifanye peke yako.

*Moyo unadunda, nadhani ni tension (presha).* Pima tension mara moja kituo cha afya ili ujue. Ikiwa sawa, hofu inaweza kufanya moyo udunde hivyo. Hupanda, hufika kilele, kisha hushuka yenyewe kwa dakika kadhaa. Keti, toa pumzi ndefu, usikimbie. Maumivu ya kifua yanayobana na kushuka mkononi, au kuzimia, hayo ni ya hospitali.

*Naamka na kichwa kizito, kinauma.* Kwanza uliza: makaa yanalala ndani? Mbabula yenye makaa mekundu haipaswi kulala chumbani na watu, hata kwa baridi gani. Moshi wake usioonekana unaua kimya.

*Usiku huu kuna milio ya risasi.* Usifuate mwongozo. Laleni chini, mbali na dirisha, tulieni pamoja. Usiku wa hatari ya kweli, kukesha ni akili timamu. Kesho yake amka saa ile ile na uendelee.

*Jirani ana kesha, spika mpaka asubuhi.* Pamba masikioni, na kubali usiku huo umepotea. Usiku mmoja hauvunji kazi ya wiki.

*Nimefiwa.* Miezi ya kwanza, kulia usiku ni haki yako. Fuata hatua ya 2 na ya 8 tu, mengine yasubiri. Usikae peke yako.

*Tayari natumia Diazepam, kidonge cha kutuliza.* Usiache ghafla. Aliyetumia kwa wiki nyingi akikata mara moja anaweza kupata degedege. Usiichanganye na pombe wala Tramadol (dawa kali ya maumivu), pumzi inaweza kusimama usingizini. Mwone daktari apunguze kidogo kidogo, huku ukianza hatua ya 1 hadi ya 4. Na usinunue kwenye famasi bila karatasi ya daktari. Kidonge kinazima taa, hakilipi likelemba.

*Natumia dawa nyingine, tangu nianze silali.* Baadhi ya dawa za virusi vya Ukimwi, na zile za familia ya kortisoni, zinaweza kuvuruga usingizi. Usiziache hata siku moja. Muulize muuguzi kama unaweza kubadilisha saa ya kumeza.

*Wanasema nimelogwa.* Sitagombana na imani yako. Mwendee mchungaji wako au shehe wako akuombee, na fuata hatua hizi pia, havipingani. Ila akikutaka uache dawa, ufunge bila maji, au ufungwe kamba, ondoka hapo na uje kituo cha afya.

*Wiki tatu zimepita, sijaona tofauti.* Basi huenda chini ya usingizi kuna huzuni nzito au jeraha la moyo linalohitaji mtu wa kukaa nawe. Hapa Goma kuna kituo cha Tulizo Letu kwa magonjwa ya akili na mishipa ya fahamu, na hospitali ya HEAL Africa inapokea waliofanyiwa ukatili. Bukavu kuna SOSAME kwa magonjwa ya akili, na hospitali ya Panzi kwa manusura wa ukatili wa kingono. Lubumbashi kuna kituo cha magonjwa ya akili cha Joseph Guislain. Ukishindwa kufika huko, anzia kituo cha afya cha mtaani kwako, uulize APS ni nani. Kwenda huko si kusema wewe ni kichaa. Wengi ninaowapeleka wanarudi kazini wiki ile ile.

Nenda na daftari. Ukifika, usianze na "nipe kidonge". Sema hivi: "Sijalala vizuri kwa wiki kadhaa, nimejaribu hatua hizi, haya ndiyo niliyoandika." Kisha mpe asome.